Rafu ya Makapi

Kwanza niseme wazi, mimi si mtu wa kushangaa ovyo. Nimefanya kazi ndani ya mlima huu wa Uvinza miaka ishirini na miwili, na wageni wakiingia wakaachama, huwaambia wafunge vinywa kabla chumvi haijawaingia. Lakini kila asubuhi, saa moja, mlango wa Ukumbi Mkuu unapofunguka, mimi Stamili Bukuru, mama mtu mzima mwenye goti bovu na mdomo usio na breki, husimama kizingitini nikasahau hata nilichokuwa nalalamikia.

Siku ninayoisimulia, Siku ya Kuyeyusha, nilisimama hivyo hivyo. Ukumbi umechimbwa kwenda chini ghorofa arobaini. Kila ghorofa ina rafu za kioo zilizozunguka ukuta, na kila rafu imejaa fuwele za chumvi, moja moja si kubwa kuliko punje ya mahindi. Ndani ya fuwele hizo kumelala kila kitu ambacho viwanda sitini vya ukanda wetu vimewahi kupima: joto la kila tanuri, mtikisiko wa kila mota, uzito wa kila gunia, pumzi ya kila mfanyakazi aliyevaa bangili ya kazini. Saa moja na robo viwanda vyote huuliza kwa pamoja. Kiwanda cha sukari kinataka kujua rola ipi itavunjika wiki hii. Cha nguo kinataka kujua pamba ya wilaya gani hukatika uzi mvua zikichelewa. Swali likiingia, mwanga hushuka ukutani, ukapita rafu kwa rafu, na kila fuwele yenye kipande cha jibu huwaka. Muda wa kupiga chafya tu, miaka thelathini imeshajibu.

Sijapata kuzoea. Mamilioni ya fuwele yanawaka na kuzimika kimya kimya, rangi ya samli, na unajua kwamba kila cheche ni jambo lililotokea kweli, mahali fulani, saa fulani, mbele ya mtu. Mwili wote unasisimka. Unajiona mdogo, halafu unafurahi kuwa mdogo.

"Umeanza kulia tena," alisema Bwana Nyabenda nyuma yangu. Huyo ndiye mkuu wa ghala, mtu mrefu, mpole, anayekera kwa upole wake.

"Ni chumvi."

"Na hiyo shingoni mbona inawaka? Nayo imeingiwa na chumvi?"

Niliifunika kwa kiganja. Kila msafishaji, siku yake ya kwanza kazini, hukuziwa fuwele ya pumzi zake mwenyewe, akaivaa. Fuwele ya namna hiyo humtambua mwenyewe tu. Akiipumulia yeye, inawaka. Akiipumulia mwingine, imelala fofofo. Yangu imenichongea sana vikaoni, maana nikiguna tu inawaka, na Nyabenda anajua nimenuna.

Kazi ya msafishaji ni kukaa mlangoni mwa ghala. Vipimo hutoka viwandani vimevurugika: huyu anaandika tarehe hivi, yule vile, saa ya mashine imechelewa, kipimajoto kimelowa maji, kinadai tanuri lina baridi kuliko friji. Tunanyoosha, tunalinganisha, na kisichonyooka tunakikataa. Kilichokubaliwa hakifutwi, hata mwenye kiwanda apige magoti. Kilichokataliwa kinatupwa ghorofa ya chini kabisa, Rafu ya Makapi, na kila baada ya miaka mitatu, Siku ya Kuyeyusha, makapi yanarudishwa majini, yayeyuke, chumvi ile ile ikuze fuwele mpya.

Ila hatuyeyushi kienyeji. Waanzilishi wa ghala walituachia desturi moja: aliyekataa ndiye anayeaga. Unashuka mwenyewe, unaketi mbele ya ulivyovikataa, unaviwasha kwa mara ya mwisho, ndipo unavuta mkono wa bomba. Wengi wetu tunaaga kwa dakika mbili. Mara iliyopita mimi niliaga nimesimama, na andazi mkononi. Naona aibu kusema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

*

Nilishuka na Injinia Consolata Lyimo wa Kiwanda cha Vigae cha Nyota Tisa, kile kilicho chini ya mlima. Alikuwa na haraka, na haraka yake ilikuwa ya haki. Wanafungua matanuri kumi na mawili mapya, kila moja linatapika vipimo mia kwa sekunde, na bila chumvi mpya ghala lisingekuwa na pa kuviweka. Tanuri lisilo na kumbukumbu huunguza vigae mwezi mzima kabla mtu hajajua kwa nini.

"Dada Stamili, ni kuvuta mkono tu, sivyo?" aliuliza.

"Ni kuvuta mkono tu. Ngoja kwanza nikae, goti hili linanitafutia kaburi."

Nisingekuwa na goti bovu, ningeaga nimesimama. Niligeuza ndoo, nikakaa, macho yakawa sawasawa na rafu, nikawasha mwanga.

Vipimo vibovu huwaka ovyo ovyo, kama bisi kwenye sufuria. Ndivyo vilivyowaka, rafu nzima, na mimi tayari nilikuwa nimenyoosha mkono. Halafu nikaona kule pembeni, upande wa vigae, fuwele chache ambazo hazikuwa ovyo. Zilikuwa zinawaka, zinafifia. Zinawaka, zinafifia. Haraka, lakini kwa mpangilio, kila moja na mwendo wake.

Niliinama mpaka pua ikagusa kioo. Nilizihesabu. Zilikuwa thelathini na moja.

"Hizo ni nini?" Consolata aliuliza.

Nilikuwa naangalia watu wakihema. Gizani kule, chini ya mlima, katika chumvi niliyoiita uchafu, watu thelathini na mmoja walikuwa wanahema mbele yangu kana kwamba wamekaa kwenye benchi moja wananisubiri. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile, na sijawahi kuogopa namna ile. Mwako mmoja ulikuwa mfupi kuliko mingine. Ukifika mwisho unazimika, kisha unaanza upya. Nilidhani mwenyewe aliacha kazi.

Kibandiko cha rafu kilisema: *Kanuni ya Kumi na Nne. Imeandikwa na S. Bukuru.*

Kanuni hiyo naikumbuka kama ninavyokumbuka majina ya wanangu. Niliiandika miaka kumi na mmoja iliyopita. Bangili za wakati ule zilikuwa na ubovu, zilihesabu kila pumzi mara mbili, kwa hiyo mtu aliyekaa zake anakunywa chai alionekana anahema mara thelathini na mbili kwa dakika. Nikaandika: *pumzi zaidi ya thelathini kwa dakika, mtu akiwa ameketi, ni takataka, kataa.* Ghala zima lilinipongeza. Nilipikiwa pilau.

Miaka sita iliyopita bangili zote zilibadilishwa. Mpya hazikosei. Kanuni yangu haikubadilishwa, maana nani anakumbuka kanuni inayofanya kazi? Ilibaki pale mlangoni, kila aliyehema kwa shida ikamwambia wewe si mtu, wewe ni ubovu wa bangili, pita huku. Na yale ya miaka mitatu ya kwanza niliyayeyusha mwenyewe, kwa mkono huu, andazi mkono wa pili.

"Consolata," nikasema, "mtu aliyekaa, anahema mara thelathini na nane kwa dakika. Huyo ana nini?"

Aliangalia fuwele, akaniangalia. Ni injinia, hakuhitaji kutafsiriwa. Udongo wa vigae ukikauka hutoa vumbi jepesi linaloganda mapafuni.

"Mwaka jana tuliuliza," alisema taratibu. "Mimi mwenyewe ndiye niliyeliandika swali. Je, vumbi limemdhuru mfanyakazi yeyote? Ghala likajibu: hakuna hata mmoja. Bodi ikaahirisha feni za kunyonya vumbi. Dada Stamili, nililiamini lile jibu."

Fuwele ya shingoni kwangu ilikuwa inawaka mfululizo, sikujali kuificha.

*

Ofisini kwa Nyabenda tulikuwa watatu, na zile fuwele thelathini na moja kwenye sinia la kioo, katikati ya meza. Mkono wa bomba sikuuvuta. Nilikuwa nimemwambia kila kitu, bila kujipaka mafuta.

"Nipeni majina," Consolata alisema. "Leo hii hii nawapeleka hospitali. Gari lipo."

Nyabenda alifikicha macho. "Hatutaji majina, Injinia. Unajua."

Kwa asiyejua: katika ghala letu kila tukio limekaa kama nyota. Katikati kuna tukio lenyewe, na miale inatoka pembeni: lini, wapi, zamu gani, mashine gani. Mwale wa tano, ule wa *nani*, tumeuacha gizani. Upo, lakini umefungwa kwa funguo mbili, mmoja wangu na mmoja wa mkuu, na tangu Ahadi yetu kwa wafanyakazi, ya kutomtaja mtu, ilipotiwa saini haujawahi kufunguliwa.

"Thelathini na mmoja wanakufa," nikamwambia, "na wewe unaniletea Ahadi?"

"Kabla ya Ahadi ulikuwepo, Stamili. Mweleze mgeni habari ya mbuzi."

Niliguna. Fuwele ikawaka. Lakini nilieleza, kwa sababu ni kweli. Zamani ghala lilikuwa likitaja majina. Kiwanda kimoja kikaanza kuuliza nani amechoka, nani ana mimba, nani moyo wake unakwenda mbio, na waliotajwa wakapewa barua za kufukuzwa kazi. Wafanyakazi hawakugoma. Waliendelea kuvaa bangili getini, halafu wakaingia ndani wakawavalisha mbuzi. Miezi minane tulijenga mipango ya ukanda mzima juu ya mapigo ya moyo ya mbuzi. Tulitabiri kwamba wafanyakazi wa zamu ya mchana watapenda sana kulala kivulini.

Consolata hakucheka.

"Tukimtaja mtu kwa nia njema leo," Nyabenda alisema, "kesho mtu mwingine atakuja na sababu yake nzuri, na keshokutwa mwingine mwenye sababu mbaya aliyoivalisha nguo nzuri. Watu watarudi kwenye mbuzi, na ghala lote hili litakuwa mlima wa chumvi tu. Halafu wagonjwa wa kesho tutawaonea wapi?"

"Na hawa wa leo?"

"Ndiyo maana sijasema hapana, Stamili. Ufunguo wangu huu hapa." Aliuweka mezani. "Weka na wako kama unaweza. Mimi peke yangu siwezi kukuzuia, na sitaki kukusukuma."

Nilimgeukia Consolata. "Niambie kweli, mwanangu. Pale Nyota Tisa, mtu akiandikwa kwamba mapafu yake yameharibika, inakuwaje?"

"Anaondolewa kwenye tanuri."

"Anapelekwa wapi?"

"Anaondolewa," akarudia, na akaangalia chini.

Basi. Nilikuwa na ufunguo mkononi, wa shaba, umepata joto la kiganja changu. Nikiuweka mezani, nimewaokoa na nimewauza kwa wakati mmoja. Nikiurudisha mfukoni, nimeyasafisha makosa yangu kwa ulimi wa Ahadi, nikajiita mwaminifu. Nilichukia vyote viwili. Nilishusha pumzi ndefu ya hasira, na fuwele ya shingoni kwangu ikawaka.

Nyabenda akaitazama. Mimi nikaitazama. Nadhani tulifika pamoja, ingawa mpaka leo yeye anasema alitangulia.

"Ahadi inasema mtu yeyote asiulize habari za mwingine," nikasema polepole.

"Haisemi mtu asiulize habari zake mwenyewe," akamalizia.

*

Zamu mbili hupishana Nyota Tisa saa nane mchana. Tulifika na sinia langu nimelifunika kanga, na Consolata akapanda juu ya mkokoteni wa vigae akawaomba watu wote wasimame. Walikuwa mia mbili na arobaini, waliotoka wakiwa weupe kwa vumbi, waliokuwa wanaingia wakiwa bado wana rangi zao. Nilipoona weupe ule kwenye kope zao, nilitamani ardhi inimeze.

Sikujua nianzeje, nikaanza na jina langu. Niliwaambia kwamba miaka kumi na mmoja iliyopita niliandika kanuni, na miaka sita iliyopita nikasahau kuiangalia. Niliwaambia kwamba kuna watu thelathini na mmoja ambao pumzi zao zilikuwa zinapiga kelele na mimi niliziita takataka. Niliwaambia sijui ni akina nani, na kwamba ghala halitanitajia.

Mwanamke mmoja wa waliotoka, mpana wa mabega, wenzake wakimwita Mama Ntezi, alinikata. "Kwa hiyo sisi ndio makapi?"

"Mimi ndiye niliyesema hivyo. Nilikosea."

"Na ukishatujua, barua zetu ziko wapi? Umezibeba kwenye hilo sinia?"

Watu wakacheka, kicheko kile cha kuumia. Wakati huo Consolata alivua bangili yake, akaishusha kwenye ndoo ya udongo mbele ya macho ya wote. Akasema matanuri yanazimwa leo mpaka feni zifungwe, na kwamba hakuna mtu atakayeondolewa kazini kwa ajili ya mapafu yake wakati yeye yupo. "Na nikiondolewa mimi?" akaongeza. "Ndiyo maana majina sitaki kuyajua tena. Asubuhi niliyaomba. Nilikosea."

Nilieleza utaratibu. Sinia litakaa ndani ya kibanda cha mlinzi, peke yake. Kila anayetaka aingie, mmoja mmoja, afunge mlango, azipumulie. Ikiwaka yake, aichukue, aende nayo kwa daktari yeyote anayemwamini. Isipowaka, atoke. Sisi wa nje hatutaona kitu. Ila niliomba wote waingie, hata wanaojiona wazima, ili atakayetoka na fuwele mfukoni asijulikane.

Mama Ntezi akajifuta vumbi usoni kwa mtandio, akaingia.

Alikaa ndani dakika nzima. Alipotoka uso wake haukusema lolote, akasimama pembeni, akamwambia aliyefuata, "Nenda. Haiumi."

Wakaingia wote. Mia mbili na arobaini, na Consolata naye, na mlinzi mwenyewe. Mstari ulizunguka marundo ya vigae, na hakuna aliyezungumza kwa sauti. Kila mlango ulipofungwa tulikuwa tunausikia mkupuo wa pumzi ndani, halafu kimya. Kuna wakati mwanga wa rangi ya samli ulipenya kwenye ufa wa mlango, na watu wote wakageuza nyuso upande mwingine. Hakuna aliyewaagiza. Nimeona ukumbi wenye miaka thelathini ndani yake ukijibu kwa mkupuo mmoja, lakini migongo ile mia mbili iliyogeuka ili mwenzao asionekane ilinitetemesha zaidi.

Jua lilikuwa limeanza kuinama nilipoingia kuchukua sinia. Lilikuwa jepesi. Nilishukuru Mungu kwa sauti. Kisha nikaona imebaki moja.

Nilitoka nayo kwenye kiganja. "Kuna ambaye hajaingia?"

Waliangaliana. Hakuna.

"Hebu iwashe tuione," Mama Ntezi alisema.

Niliimulika kwa tochi ya kazi. Ikawaka, ikafifia, ikawaka, ikafifia, haraka haraka, mara thelathini na nane kwa dakika, mpaka ikafika mwisho, ikazimika. Kisha ikaanza upya. Ilikuwa ile fupi.

Mama Ntezi aliiangalia mizunguko miwili.

"Huyo ni Hamenya," alisema. "Tanuri la tatu. Alikuwa anapumzika kila ngazi mbili, tukamtania kwamba amezeeka. Tulimzika Januari."

Watu wakasogea, wakatuzunguka, na tukasimama pale getini tukimwangalia Hamenya akihema mkononi mwangu, mpaka tochi ikaanza kufifia. Mjane wake yupo, waliniambia, anauza dagaa sokoni. Fuwele niliipeleka kwake mwenyewe, kwa miguu, na alichoniambia nitakibeba mimi, si cha kuandikwa.

Nakala ya vipimo vya wale thelathini na mmoja, niliyoichukua kabla fuwele hazijatoka mlimani, niliiweka ghalani wiki ile ile, mahali pake, nyota kwa nyota, mwale wa tano ukiwa gizani kama ulivyokuwa. Kanuni ya Kumi na Nne nayo sikuifuta, kwa sababu hatufuti. Niliifunga, na chini yake nikakuza fuwele moja yenye maelezo: ilikataa nini, kuanzia lini, ilimgharimu nani uhai wake pasipo kumtaja, na ni nani aliyeiandika.

Nyabenda aliponiletea niisaini alisita. "Hii itadumu, Stamili. Kila kiwanda kitakachouliza habari za vumbi, kesho au miaka mia ijayo, hii ndiyo itakayowaka kwanza."

"Ndiyo ninavyotaka."

Asubuhi iliyofuata nilisimama kizingitini, saa moja na robo, viwanda sitini vikauliza, na mwanga ukashuka. Katika ghala lote lile, lenye pumzi za watu wengi kuliko ninavyoweza kuhesabu, jina la mtu lililo wazi ni moja tu. Niliiona fuwele yake ikiwaka kule chini, ndogo, mahali pake. Ni la kwangu.